Balehe na Marika Chini ya Mlima Meru
Waarusha walianza kulima miteremko ya kusini-magharibi ya Mlima Meru mnamo miaka ya 1830, wakidumisha mfumo wa marika unaofanana na wa Wamaasai. Humo balehe haikuwa siri ya kijana na mwili wake. Alfajiri ya tohara mvulana alimwagiwa maji baridi, kisha akakaa mbele ya ngariba huku ndugu wakimkodolea macho. Kukunja uso tu kulitosha kuuaibisha ukoo. Akiuguza kidonda alivaa nguo nyeusi na kujichora usoni kwa rangi nyeupe. Baadaye alihesabiwa morani.

Hofu ya namna hiyo huufanya mwili umwage kotisoli, homoni ya msongo, wakati uleule testosteroni au estrojeni zinapopanda. Sehemu za ubongo zinazoamsha hisia hutangulia kukomaa kuliko ile ya mbele inayozizuia, na hilo huenda ni sababu mojawapo ya sonona na wasiwasi kuanza mara nyingi katika umri huu. Kusema kwamba wazee walikuwa na tiba ya msongo ni kutia chumvi, kwa kuwa jando lenyewe lilitisha. Ila lilikuwa na mwisho unaojulikana, na kijana alilipitia pamoja na wenzake.

Kwa wasichana ukeketaji uliacha madhara makubwa zaidi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 iliupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Shule nazo zilileta msongo wa aina nyingine, mtihani wa darasa la saba, ambao kila mtoto huufanya peke yake.