Kufunga hadi kufa: Ibada au kujiua mbele ya Katiba?

JE, mtu akiamua kuacha chakula na maji hadi roho imtoke, kwa imani kwamba anaitakasa nafsi yake, serikali ina mamlaka ya kumzuia? Swali hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo la Rajasthan, nchini India, mwaka 2006. Hukumu ilipotolewa Agosti 10, 2015, maelfu ya waumini wa dini ya Kijaini waliingia mitaani kuipinga.

Ujaini ni dini kongwe ya India, na nguzo yake kuu ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu waumini wake kuwa takriban milioni 4.5, chini ya asilimia moja ya wananchi wote wa India. Hapa Afrika Mashariki wanafahamika zaidi kupitia jamii ya Waoshwal, ambao wana mahekalu Nairobi na Mombasa.

Desturi inayobishaniwa huitwa santhara au sallekhana. Kwa mujibu wa mafundisho ya dini hiyo, si kila mtu anaruhusiwa kuifuata. Huwahusu waliofikia uzee wa mwisho, wenye maradhi yasiyo na tiba, au waliokumbwa na njaa kuu au janga lisiloepukika. Mhusika huomba ridhaa ya kiongozi wake wa kiroho na ya familia, kisha hupunguza chakula hatua kwa hatua huku akisali na kuomba msamaha. Ikumbukwe pia kwamba mafundisho hayo huhesabu kutamani kifo kije upesi kuwa ni kosa, sawa na kutamani maisha yaendelee.

Hoja za pande mbili

Mlalamikaji, ambaye ni wakili wa mjini Jaipur, alidai kwamba jina lolote litakalotumika, kitendo chenyewe ni kujiua. Wakati huo Kifungu cha 309 cha Kanuni ya Adhabu ya India kiliweka kifungo kisichozidi mwaka mmoja kwa aliyejaribu kujiua, na Kifungu cha 306 kifungo kisichozidi miaka 10 kwa aliyemsaidia au kumshawishi mwingine ajiue.

Aidha, aliifananisha desturi hiyo na sati, yaani mjane kuteketea motoni pamoja na maiti ya mumewe, ambayo watawala wa Kiingereza waliipiga marufuku mwaka 1829 na Bunge la India likaitungia sheria kali mwaka 1987. Hofu yake ilikuwa kwamba wazee, hasa wanawake, wanaweza kusukumwa na jamaa wanaopata heshima kwa kifo hicho, na kwamba nadhiri ikishatangazwa mbele ya watu, ni vigumu kwa mzee dhaifu kuomba maji.

Wajaini walijibu kwamba anayejiua husukumwa na kukata tamaa, naye hufanya haraka na kwa siri. Santhara, walisema, hufanyika polepole, hadharani na kwa utulivu wa moyo. Waliegemea Ibara ya 25 ya Katiba inayolinda uhuru wa kuabudu.

Mpaka wa Ibara ya 25

Hata hivyo, uhuru huo hauko huru kabisa. Ibara yenyewe inauweka chini ya utulivu wa umma, maadili, afya, na vifungu vingine vya sehemu ya haki za msingi. Miongoni mwa vifungu hivyo imo Ibara ya 21, inayolinda uhai.

Tena, tangu mwaka 1954 mahakama za India zimekuwa zikiuliza kama jambo linalodaiwa ni la msingi katika dini, kiasi kwamba likiondolewa dini hiyo hubadilika. Majaji wa Rajasthan waliona kwamba hilo halikuthibitishwa, kwa kuwa mtu aweza kuwa Mjaini kamili pasipo santhara. Waliagiza vitendo hivyo vishughulikiwe kama makosa ya jinai.

Walitegemea pia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1996, uliosema kwamba haki ya kuishi haina ndani yake haki ya kufa. Uamuzi huo ulitengua ule wa mwaka 1994 uliokuwa umesema kinyume chake. Lakini hukumu hiyohiyo ya 1996 ilikiri kwamba mtu ambaye uhai wake unaelekea ukingoni kwa njia ya asili anastahili kufa kwa heshima.

Agosti 31, 2015, wiki tatu tu baada ya hukumu ya Rajasthan, Mahakama ya Juu iliisimamisha.

Sheria imesogea

Tangu hapo misingi ya hukumu ile imetikisika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2017 ilielekeza kwamba anayejaribu kujiua achukuliwe kuwa na msongo mkubwa, na asiadhibiwe isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Machi 9, 2018, jopo la majaji watano liliruhusu mgonjwa asiye na matumaini ya kupona kuondolewa mashine zinazomrefushia uhai, na likatambua maandishi ambayo mtu huyaandaa mapema kueleza matakwa yake. Na kanuni mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, haikurudisha kosa la jumla la kujaribu kujiua. Kosa la kumsaidia au kumshawishi mwingine ajiue limebaki.

Maana yake ni kwamba macho ya sheria sasa hayamwelekei anayefunga, bali wanaomzunguka. Mwaka 2025 mjadala ulizuka upya India baada ya mtoto mdogo aliyekuwa mgonjwa kupitishwa katika nadhiri hiyo. Mtoto hawezi kuweka nadhiri ya kufa.

Nasi Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, kutokana na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Mzee wa Kijaini anayeaga dunia nyumbani kwake hafanani na mtoto aliyenyimwa chakula msituni. Lakini hatuwezi kuwatofautisha kwa kutamka neno imani, kwani pande zote mbili hulitamka.

Kinachowatofautisha ni hiari. Je, mhusika ni mtu mzima mwenye akili timamu? Alielezwa hali yake na daktari? Anaweza kubadili nia leo usiku na akapewa chakula bila kuaibishwa? Majaji si wanazuoni wa dini, na kuwataka waamue lipi ni la msingi katika imani ya watu wengine ni kuwabebesha kazi isiyo yao. Kuchunguza ridhaa, kwa upande mwingine, ni kazi wanayoifanya kila siku.