Kinyungu Chini ya Nailoni

Anayejenga kitalu nyumba Njombe au Makambako ili alime mboga bila kemikali za viwandani hupewa ushauri wa aina mbili kuhusu udongo. Kuna wanaomwambia anunue: makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa matofali, au mboji ya mifuko iliyosafiri kutoka mbali. Kuna wanaomwambia achimbe palepale aliposimama. Ushauri wa kwanza unasikika wa kisasa, na wa pili unasikika kama wa mtu aliyekosa pesa. Historia ya nyanda hizi inaupa uzito ule wa pili, lakini kwa sharti. Udongo wenye rutuba wa Ubena, nchi ya Wabena, haukudondoka kutoka mbinguni wala haukununuliwa dukani. Ulitengenezwa kwa mikono, na mikono ilipopungua, nao ulidhoofika. Mwenye kutafuta udongo wa bei nafuu, basi, aanze kwa kuhesabu kazi: ni mikono mingapi iliyopo, ni mabaki gani yaliyo karibu, na ni eneo la ukubwa gani linalohitaji kulishwa.

Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vilima na mabonde. Udongo wa vilimani ni mwekundu na mkongwe, una tindikali, na mvua za miaka mingi zimeuosha virutubisho. Wabena, kama jirani zao Wahehe, waliukabili upungufu huo kwa kushuka bondeni wakati wa kiangazi kulima vinyungu. Nyasi za bondeni hufyekwa, kisha udongo hukatwa kwa jembe pamoja na mizizi yake, bonge kwa bonge. Kila bonge hupinduliwa, nyasi ziangalie chini, na mabonge hupangwa kuwa tuta pana. Palipochimbwa hubaki mfereji wa kutoa maji ya ziada. Nyasi zilizozikwa huoza taratibu na kuilisha mimea, na unyevu hupanda kutoka chini. Mahindi, maharage na maboga hustawi humo wakati mashamba ya vilimani yamekauka kabisa. Maarifa haya hayakuwa ya Wabena peke yao. Wamatengo wa Mbinga walipanga nyasi kwa miraba kwenye miteremko na kuzifukia, wakapata mashimo ya ngoro. Wafipa nao walizika nyasi ndani ya vichuguu vya kulimia. Makabila haya, katika nchi zenye sura tofauti, yote yaliuona udongo kuwa kitu cha kupikwa.

Upishi huo, hata hivyo, unataka wapishi. Wakati wa utawala wa Waingereza, Njombe ikawa moja ya wilaya zilizotegemewa kutoa vibarua wa mashamba ya mkonge. Wanaume waliandikishwa kuwa manamba na kupelekwa Tanga na kwingineko, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kusaka vibarua, SILABU. Jembe la kupindua mabonge likabaki mikononi mwa wanawake, juu ya kuni, maji na watoto. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, TANWAT, na mti ulioletwa kutoka Australia ukaenea vilimani kwa ajili ya magome yake. Muwati huongeza naitrojeni ardhini, na wakulima wengi wamezoea kupanda mazao mahali ulipokatwa. Hiyo nayo ni njia ya kurudisha rutuba pale ambapo watu wa kuizalisha kwa jembe hawatoshi: mti unafanya kazi wenyewe, gharama yake ni miaka ya kusubiri.

Kisha ikaja njia ya tatu, mbolea ya mfuko. Kiwanda cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972. Reli ya TAZARA ikapita Makambako, na mji ukakua kwenye njia panda ya kwenda Mbeya, Iringa na Songea. Serikali ikaweka bei moja nchi nzima na ruzuku juu yake, na Iringa, ambayo Njombe ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyoilisha nchi mahindi pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Itakuwa dhuluma kulikejeli jambo hilo, kwani mfuko mmoja ulibeba kazi ya siku nyingi za jembe na watu walishiba. Lakini kiwanda kilifungwa mwaka 1991, ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua katika miaka ile, ikarudi baadaye na kuwa ya vocha mwaka 2008, na ikarudi tena mwaka 2022. Rutuba inayoletwa na bajeti huondoka na bajeti.

Hapa ndipo kitalu nyumba kinapobadilisha hesabu. Kinyungu kilielemewa kwa sababu kilitakiwa kulisha kaya nzima kwa eneo kubwa. Kitalu cha mita 8 kwa 30 ni mita za mraba 240, chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya ekari. Kazi iliyokuwa mzigo usiobebeka shambani, hapa inawezwa na watu wawili kwa majuma machache. Mabaki nayo hayako mbali: Njombe na Makambako zimezungukwa na mbao, mkaa na mifugo. Vumbi la mbao lililorundikwa nyuma ya mashine ya kupasulia halifai likiwa bichi na jeupe, kwani huvuta naitrojeni ya mmea ili lenyewe lioze. Likichanganywa na mbolea ya kuku, likanyeshewa na kugeuzwa mara kwa mara hadi liwe jeusi, livunjike vidoleni na kunuka kama msitu baada ya mvua, hapo limekuwa chakula. Chenga za mkaa hulegeza udongo mzito, na majivu hupunguza tindikali. Matuta yainuliwe kama ya kinyungu, nyasi na samadi zizikwe chini, na matandazo yawekwe juu. Mifuko ya mchanganyiko wa udongo wa msituni, samadi na mchanga ibaki kwa kazi yake ya siku zote, kuoteshea miche.

Pingamizi zito ni la maradhi. Mnyauko wa bakteria na minyoo fundo hukaa ardhini, na nyanya ikirudiwa msimu hadi msimu chini ya nailoni hufa ikiwa na maji mizizini. Ni kweli, na ndiyo sababu wengi hukimbilia makumbi. Lakini kinyungu kwa kawaida hakikuwa shamba la zao moja: mahindi, maharage na maboga vilikaa pamoja. Mwenye kitalu akizungusha nyanya na mboga za majani, vitunguu na maharage, na asizifuatanishe nyanya, hoho na viazi mviringo ambavyo ni ndugu, anaupunguza ugonjwa bila kununua udongo mpya. Pale mnyauko ulipokwisha kukita mizizi, anunue au ahamie kwingine. Hapo ubishi ni hasara. Pingamizi la pili ni la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na vinyungu vingi viko humo. Hoja ni halali, na jibu lake ni kwamba tuta linaweza kupanda mlimani na kuliacha bonde lipumzike. Jambo la tatu ni soko. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022, unataka mazao hai yakue katika udongo hai uliogusana na ardhi ya chini, ingawa Marekani inaruhusu vyombo. Anayeota kuuza Ulaya, makumbi ndani ya mifuko yanaweza kumfungia mlango ambao tuta la bei rahisi linaufungua.

Basi, kabla ya kuulizia bei ya matofali ya makumbi ya mnazi usioota Njombe, mwenye kitalu aende kwanza kwenye rundo la vumbi la mbao na kwenye zizi la jirani, ahesabu mikono aliyonayo, kisha ashike jembe.