Morecambe, mji wa likizo za wengine

Anayefika Morecambe kwa treni kutoka Lancaster huenda akashuka asiione bahari. Maji yakipwa katika ghuba hii ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hukimbia kilomita nyingi na kuacha mchanga na matope yanayong'aa hadi upande wa milima ya Lake District. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 10. Waliochagua kujenga mji wa kuogelea hapa walikuwa na ujasiri, au hawakuuliza wavuvi.

Reli ndiyo iliyouzaa. Ilifika mwaka 1848 kwenye kijiji cha wavuvi kilichoitwa Poulton-le-Sands, na nyuma yake wakaja wafanyakazi wa viwanda vya sufu vya Yorkshire, wengi mno kiasi kwamba watu waliuita mji huu Bradford ya pwani. Viwanda vya mji mmoja vilizima mitambo kwa pamoja, majirani wakapanda treni moja, wakalala nyumba zilezile za wageni walizolala mwaka uliopita. Burudani haikuwa lazima iwe ya kifahari: mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na watu waliolipa kiingilio kupanda manowari zilizokuwa zikisubiri kuvunjwa kwenye gati la mawe.

Hoteli ya Midland ilifunguliwa kando ya gati hilo mwaka 1933. Kampuni ya reli ilimwajiri msanifu Oliver Hill, naye akachora jengo jeupe lililopinda kufuata ufuko; Eric Gill akachonga farasi wawili wa baharini juu ya mlango. Wenyeji husema ni uduvi wa Morecambe. Nikiwatazama Jumamosi mchana, niliona wenyeji wana hoja.

Wengi hulaumu ndege za bei nafuu za kwenda Hispania kwa anguko la mji. Ni kweli, lakini si kweli yote: viwanda navyo vilikuwa vikifungwa, na mji uliotegemea kalenda ya mashine za Bradford haungebaki salama mashine zikinyamaza. Ukumbi wa Winter Gardens wa 1897 ulifungwa mwaka 1977. Dhoruba ya mwaka huohuo ikavunja gati moja la burudani, na la pili likabomolewa 1992. Hoteli yenyewe ilifungwa 1998, ikafunguliwa tena 2008.

Bahari iliendelea kuwa kazi ya maskini. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakichimba kombe mchangani kwa ujira mdogo walizingirwa na maji wakafa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa leseni mawakala wa vibarua.

Sasa tumaini ni mradi wa Eden, bustani kubwa ya ndani itakayojengwa ufukweni. Mwaka 2023 serikali iliuahidi pauni milioni 50. Safari hii, angalau, wageni hawatategemea maji kujaa.