Konyeza wa Ziwa Tanganyika

Konyeza wa Ziwa Tanganyika, kwa jina la kisayansi Limnocnida tanganyicae, ni mnyama wa maji baridi wa faila ya Knidaria, ile ile ya matumbawe laini ya Bahari ya Hindi. Matumbawe hayapo ziwani. Anayezamia kwenye miamba ya pwani ya Burundi, kutoka Magara kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hukuta mawe, mwani, sifongo na samaki. Ndugu wa matumbawe ni huyu konyeza anayeelea.

Biolojia

Mwili wake ni mwavuli bapa unaopitisha mwanga, wenye upana wa takriban sentimita 2. Ukingoni ana minyiri mingi yenye seli za sumu za kunasia vijidudu vya majini. Binadamu hasikii sumu hiyo. Uzazi wake ni wa ajabu kweli: kwenye ukuta wa mdomo huchipuka konyeza wachanga, nao huota minyiri wakiwa bado wameshikamana na mzazi. Huzaa pia kwa mayai, ambayo hukua kuwa polipi ndogo sana. Baadhi ya konyeza hawa hubeba mwilini bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, jambo linalokumbusha mwani unaoishi ndani ya matumbawe.

Ugunduzi

Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na mtaalamu R. T. Günther akaianzisha jenasi yake mwaka 1893. Wataalamu walishangaa: mnyama wa jamii ya baharini anafanya nini katikati ya bara? Mtaalamu J. E. S. Moore, baada ya safari zake mbili za ziwani, alidai katika kitabu cha 1903 kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Dai hilo lilivutia lakini halikusimama, kwani konyeza wa jenasi hiyo walipatikana pia katika maji mengine ya Afrika.

Uzamiaji

Wazamiaji wengi hufuata samaki. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeanza kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi mwaka 1971, aliandika vitabu vikubwa juu yao. Lakini konyeza naye huonekana, hasa mwanga ukimpiga kwa ubavu. Mtu akitulia, humwona akifumba na kufumbua mwavuli.

Hali ya sasa

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa tope linaloletwa na mmomonyoko hupunguza aina za viumbe kwenye miamba ya ziwa. Nchi nne zinazopakana na ziwa zilitia saini mkataba wa hifadhi mwaka 2003. Kwa Rumonge, ulinzi wa miamba lazima uanzie kwenye mashamba ya milimani, tope linakoanzia.