Morogoro ilivyopata kitivo cha kilimo

Mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1960, kijana wa Morogoro aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, Uganda. Udaktari wa mifugo na uhandisi ulisomwa Nairobi. Dar es Salaam ilikuwa na sheria. Hivyo ndivyo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1963, kilivyogawa masomo ya gharama kubwa kati ya nchi tatu zenye fedha kidogo.

Kwa muda mpango ulifaa. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilipokitanguliza kilimo, Tanzania haikuweza kusubiri nafasi chache za kwa jirani. Mwaka 1969 kitivo cha kilimo kikafunguliwa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, na Julai 1970 chuo cha pamoja kikagawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu. Waliachana kwa makubaliano, wakaunda na kamati ya kuendeleza ushirikiano wa vyuo hivyo. Nawapongeza kwa hilo.

Mwaka 1977 mambo yalikuwa mengine kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika kwa ugomvi. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka ule, ukafunguliwa 1983. Reli ya Kati ipitayo Morogoro, iliyokuwa chini ya shirika la pamoja, ikaingia mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania. Mkataba wa kugawana mali ulisainiwa 1984 tu, na wazee waliotumikia Jumuiya walikuwa bado wanadai mafao yao miaka ya 2000!

Mwaka huohuo wa 1984 kitivo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki Aprili kwa ajali ya gari mkoani humo. Matunda ya chuo hicho yanaonekana Mgeta, huko juu Uluguru, ambako chuo kiliwapelekea wakulima mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Wanafugwa kwenye mabanda ya miti yaliyoinuliwa, wanakatiwa majani miteremkoni, na maziwa yanasaidia nyumba zilizotegemea mboga peke yake.

Leo wapo wanaotaka Tanzania itoke katika Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999. Wana haki ya kulisema. Kwanza watuambie mali itagawanywaje, na wastaafu watalipwa na nani.