Yangambi: Akili Bandia na Historia ya Msitu

Yangambi ni mji mdogo ukingoni mwa Mto Kongo, takriban kilomita 100 magharibi ya Kisangani, jimboni Tshopo, ambako makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1933 na kurithiwa na INERA ya leo, yalijengwa. Picha za eneo hilo zilizopigwa kutoka angani mwaka 1958, miaka 14 kabla ya zama za satelaiti za kuchunguza ardhi, ziliunganishwa na wataalamu kuwa taswira moja ya hekta 93,000 hivi, kisha programu ya akili bandia, iliyokwisha kufunzwa kupambanua msitu na ardhi iliyofyekwa, ikaisoma. Matokeo yake, yaliyolinganishwa na data za siku hizi na kuchapishwa mwaka 2020, yalidhihirisha kwamba ufyekaji mpana wa mashamba ya kikoloni umefuatwa na vishamba vilivyotawanyika vya wakulima wadogo, na kwamba penye ardhi iliyoachwa msitu umerejea, ukirudisha kaboni inayokadiriwa kuwa tani 811,000 hadi 1,592,000, ilhali ukataji wa zamani uliondoa tani 2,416,000. Ilimu hii ni adhimu kwa wenye azma ya kuhuisha misitu. Hata hivyo taswira haimtambui mwenye konde lililopumzishwa, wala niya yake ya kulilima tena, na kwa hiyo ushahidi wa mkulima mwenyewe ni wajibu kutakwa kwanza.