Kwa nini Tulikwenda Karema

Akina mama, si siri: kwa sherehe ya miaka kumi wengi wetu tulitaka Unguja. Mweka hazina akapiga hesabu, nauli peke yake ingekomba mfuko wa jamii! Basi ikawa Karema, ufukwe wetu wa Ziwa Tanganyika, kimya kabisa.

Wabelgiji nao walipapenda. Kapteni Cambier alianzisha kituo hapo mwaka 1879, maji yakiwa karibu. Lakini ziwa lilikuwa limefungua njia ya mto Lukuga, upande wa Kongo. Likashuka, likakiacha kituo mbali na maji. Mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadri Weupe.

Miaka ya 2020 na 2021 ziwa likapanda tena. Ndiyo maana kabla ya kulipia vyumba tulimwuliza mvuvi mmoja maji yalifika wapi. Akatuonyesha mti.